Mtu wa Kumi Aliyevaa Kofia

Habari ya kifo cha baba ilinifikia kwa simu, nikiwa kazini Flemingsberg, nilikokuwa nikisafisha wodi. Alifia nyumbani, Mbale. Sisi ni Wayahudi wa Uganda, watu wachache ambao wengi hawajui kama tupo. Kwetu mzazi akifa, mwanawe wa kiume husimama kumsomea Kadishi, sala ya wafiwa, na haisomwi mpaka watimie Wayahudi kumi. Katika sinagogi nilikosali Stockholm, hao kumi ni wanaume. Mimi sina kaka.

Nilitaka baba asomewe. Sikutaka kingine.

Nikakaa matanga katika nyumba yangu ya Hallunda, kwenye kigoda, vioo vimefunikwa kwa shuka. Jioni moja wazee wa sinagogi wakaja kwa treni kutoka mjini, wakakung'uta theluji kwenye ngazi. Walikuwa tisa, kila mmoja na kofia ndogo ya sala kichwani, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilisimama mlangoni mwa jikoni pamoja na rafiki yangu, bibi mjane, Myahudi aliyehamia huku kutoka Poland baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Kengele ikalia. Akaingia jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mwislamu wa Tanga, kofia yake ya kushonwa kwa mkono kichwani, sufuria ya maharage ya nazi mikononi. Alijua sili nyama ya kila jiko.

"Pole sana, dada," akaanza.

Hakumaliza. Mzee aliyeongoza sala aliitazama ile kofia, akaipokea sufuria, akampa kitabu na kumsimamisha mwisho wa safu.

"Kumi," akasema kwa Kiswidi, amefurahi.

Jirani akakigeuza kitabu, akakigeuza tena. "Dada, mbona wananipanga?"

"Wanakuhesabu."

"Kwa lipi?"

Mimi walinihoji muda mrefu kabla ya kukubali kuwa ni Myahudi. Yeye hakuulizwa hata swali moja. Ningenyamaza, baba angesomewa. Lakini ingekuwa sala ya uongo, na baba hakunilea hivyo.

"Huyu ni Mwislamu," nikamwambia mzee.

Uso ukamwiva. Jirani akarudisha kitabu kwa mikono miwili. "Mwambie naweza kukaa tu, hata nisipohesabiwa," akasema, akaenda kuketi karibu na dirisha.

"Umemhesabu kwa kofia," bibi akamwambia mzee. "Huyu binti hapa ameihifadhi sala yote kichwani. Mhesabu yeye."

"Siwezi, mama." Hakusema kwa ukali.

"Nyumbani kwetu vita havikubakiza mwanamume hata mmoja. Unadhani nani aliwasomea wafu wetu? Nilisoma mimi."

Bibi akanigeukia. "Baba yako alikufundisha. Yeye angekuhesabu."

"Hapana," nikasema. "Hakunihesabu hata siku moja."

Ndivyo ilivyokuwa. Dini yetu ilipopigwa marufuku Uganda, tulisali madirisha yamefungwa. Baba alinifundisha kila neno, akinisahihisha kwa upole. Lakini wanaume wakipungua, alikuwa akichungulia kwenye upenyo wa mlango, akimsubiri mwingine, nami nimesimama ubavuni pake.

"Basi naye alikosea," akasema bibi.

Iliniuma, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimewahi kuwaza hivyo, na sasa sikuwa na wa kumuuliza.

Wazee wakasoma Zaburi, wakavaa makoti. Kadishi haikusomwa. Mlangoni yule mzee akanishika mkono. "Kesho nitakuletea zaidi ya kumi."

Akawaleta. Wengine walitoka mbali, Vällingby, na sebule ikajaa harufu ya makoti yaliyolowa. Ilipofika zamu ya Kadishi nikangoja mzee aisome kwa niaba yangu, maana ndivyo tulivyokuwa tumezoea. Akasimama, akafungua kitabu, akanyamaza. Mmoja akakohoa. Nilipoinua macho nikamkuta ananitazama. Alikuwa ananingoja mimi.

Nikaanza. Wanaume wakaitikia amina, na yule mzee pamoja nao.

"Bado hajakuhesabu," bibi akaninong'oneza.

Nilijua. Nikaendelea kumsomea baba.