Mawifi Wawili na Jina Moja la Sabuni

Jua bado halijapata nguvu, na Mama Povu tayari ana ugomvi na kipande cha sabuni.

Si chake. Amekinunua duka la jirani, kimefungwa kwa karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Anakipeleka puani, anakitoa, anakirudisha tena.

"Mchaichai!" anasema kwa uchungu wa aliyefumania. "Kaongeza mchaichai, mwanamke yule!"

Mwanamke yule ni wifi yake, dada wa mumewe. Mama Povu anavaa glavu za mpira zinazofika kwenye viwiko, anarudi kwenye meza yake nyuma ya nyumba na kuendelea kukata sabuni kwa waya. Leo waya unashuka kwa hasira kidogo.

Alianza kazi hii baada ya kibanda chake cha ushonaji kuungua, cherehani ikiwa ndani. Alikuwa na sufuria moja, na aliyekuwa akikoroga ni wifi huyohuyo. Walikaa wakatafuta jina, wakakubaliana: Ng'aa.

Mchapa stika akasahau ritifaa, kile kialama cha juu baada ya "Ng". Ikatoka Ngaa. Zikabandikwa hivyohivyo, na Mama Povu alipokwenda kusajili alama ya biashara, akaandika kama stika inavyosema.

"Nani angejali?" anacheka. "Wateja wangu wanakuja kununua sabuni, hawaji kuandika imla."

Mwaka jana wifi akajitenga, akatoa sabuni yake. Stika ya kijani ileile. Jina: Ng'aa, ritifaa imesimama wima kama askari wa gwaride.

Mauzo ya Mama Povu yalishuka kwa nusu, lakini kilichomchoma hasa ni kuingia bafuni kwake akaikuta sabuni ya wifi imekaa mahali pa sabuni yake, imelowa.

"Nikamuuliza mume wangu, hii nini? Ananijibu, 'Si sabuni yako?' Nikamwambia soma! Ananiambia, 'Nilikuwa na povu machoni.'"

Mumewe, fundi baiskeli, anainua mikono juu anapoulizwa. "Yule mke wangu, yule dada yangu. Mimi siku hizi naoga maji matupu."

Mama Povu akaenda mahakamani. Aliomba wifi azuiwe kutumia jina hilo, na wakati kesi ikisubiri kusikilizwa, litolewe zuio la muda. Aliogopa kushinda kesi siku ambayo jina lenyewe limeshakwisha.

Wakili wa wifi akasimama na hoja moja: haya ni maneno mawili tofauti. Ngaa si Ng'aa, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua.

Jaji akampa wifi stika ya Mama Povu. "Hebu nisomee."

"Ng'aa," wifi akasoma, bila hata kupepesa macho.

Ukumbi mzima ukacheka. Wakili akainama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

"Miaka yote alikuwa analiita hivyo huku anakoroga," anasema Mama Povu. "Ulimi wake umenitetea kabla hajauwahi."

Zuio likatoka: wifi aendelee kutengeneza sabuni, ila si kwa jina hilo wala linalofanana nalo, mpaka kesi ya msingi iamuliwe.

Wifi akatii. Akanunua karatasi nyeupe, akafunga sabuni zake bila jina lolote. Sasa watu wanafika dukani wanaomba "ile isiyo na jina". Mama mkwe akiwa mstari wa mbele.

"Ananiambia usoni, 'Mwanangu, yako inasafisha, ila ya mwenzio inanukia.' Angekosea tu akasema inanuka! Herufi moja ingeniponya."

Wifi, akiwa mlangoni kwake, hana maneno mengi: "Mwambieni wifi yangu, jina amechukua. Pua za watu aniachie."

Je, Mama Povu akishinda kesi ya msingi, atatulia? Anaikunja ile karatasi nyeupe taratibu, anaitia kwenye mkoba. Kesho anakwenda ofisi ya usajili, na safari hii atakagua kila alama kabla hajasaini.

"Nataka tu kuwauliza," anasema, akishusha sauti isivuke ukuta, "kama 'Isiyo na Jina' kuna mtu ameshaisajili."