Verlene Stukey na Jozi Zake

Verlene Stukey ndiye mtu wa kwanza katika mji wetu wa Kelso Run kumuuzia kitu mtu asiyemjua wala asiyewahi kumwona. Nasema hivyo kwa sababu kifurushi chake cha kwanza nilikipokea mimi, pale kaunta ya posta, miaka ile minada ya kwenye kompyuta ilipokuwa ndiyo kwanza imeanza. Aliingia amekumbatia boksi la viatu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Hili linakwenda Oregon, Nadine," akaniambia.

"Una ndugu Oregon?"

"Sina hata mmoja. Kuna mama kule kanunua kuku wangu na jogoo wake."

Nikalisukuma boksi pembeni. "Verlene, kuku wanataka boksi lenye matundu. Humu watakufa kabla hawajatoka Ohio."

Alicheka mpaka akaegemea kaunta. Kuku wenyewe walikuwa wa udongo, vile vichupa vya kunyunyizia chumvi na pilipili ambavyo kila nyumba hapa ilikuwa navyo mezani. Kuku chumvi, jogoo pilipili. Verlene aliwafahamu vizuri, maana alikuwa amewachora macho kwa mkono wake. Tangu usichana alikaa kwenye benchi la wachoraji katika kiwanda cha vyungu kando ya mto, brashi nyembamba mkononi, akitia jicho baada ya jicho mpaka kiwanda kikafungwa. Mwaka uleule gogo likamwangukia mumewe, Orrin, kwenye kiwanda cha mbao na kumharibu nyonga. Ghafla wakajikuta wote wawili nyumbani mchana kutwa, watu waliozoea kuonana usiku tu. Walikaa wakitazama barabara. Binti yao Rhonda, aliyekuwa akiishi Columbus, aliwaletea kompyuta kuukuu ya ofisini kwao, akisema angalau wacheze karata humo.

Hawakucheza karata. Verlene alitoa vichupa vyake kabatini, akavipiga picha, akavitia mnadani.

Siku zile ukitaka kuona picha ilibidi uwe na subira. Kompyuta ilipiga simu kwanza, ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu picha ikawa inashuka kidogokidogo. Ukiona kilemba cha jogoo, unakwenda kuteleka kahawa. Ukirudi, unakuta mdomo. Dadake Verlene alilalamika kwamba hampati tena kwa simu, maana kompyuta ilikuwa imeishika laini. Mnada ulipokaribia kufungwa, Orrin alivuta kiti karibu na mkewe, wakawa wanapiga kelele kama watu walioweka dau kwenye farasi.

"Huyo wa Texas karudi! Karudi huyo!"

"Muache, Orrin, usiguse hiyo!"

"Sijagusa! Mama wa Oregon, usikubali! Mchape!"

Majirani waliokuwa wakipita walidhani wanagombana.

Wanunuzi walituma hundi kwa posta, na ndani ya bahasha walitia maneno. Mmoja alieleza kwamba mamake alikuwa na jozi kama ile na aliivunja yeye mwenyewe utotoni, akapigwa. Mwingine alituma picha ya meza yake ya jikoni, vichupa vimekaa katikati. Verlene hakungoja benki ithibitishe hundi. Hundi ikifika tu, mzigo unatoka. Aliviringisha kila kichupa kwa gazeti letu la wilaya, na siku moja mzee wa Nebraska akamwandikia kwa hasira za utani: alikuwa amefungua mzigo, akaanza kusoma habari ya fahali aliyetoroka kwenye mnada wa ng'ombe na kuingia kanisani kwa Wamethodisti wakati wa mazishi, na ukurasa umechanwa palepale. Fahali alitokaje? Verlene akanijia posta na nusu ya pili ya ukurasa ndani ya bahasha. Tangu hapo mzee yule alinunua kitu kila baada ya muda, na kila mara aliagiza, "Tafadhali funga kwa gazeti la wiki hii."

"Unajua nini, shoga?" Verlene aliniambia siku moja, huku nampimia mizigo. "Kiwandani nilichora macho kwa miaka yote ile na hakuna aliyenitazama. Sasa nina watu majimbo yote."

Nilimwonea wivu kidogo. Mimi nilikuwa nikigonga mihuri tu.

Vichupa vyake vilipoanza kwisha, alikwenda kutafuta vya wengine. Mjane akifa, Verlene yuko mlangoni. Nyumba ikivunjwa, yuko kwenye vumbi. Alinunua mikusanyo mizima, maboksi kwa maboksi, kwa bei ya juu, maana mnadani vilikuwa vikienda kwa bei ya juu zaidi. Chumba cha Rhonda kilijaa kwanza. Halafu sebule. Halafu ngazi, kila kidato boksi lake.

Kumbe hakuwa peke yake. Nchi nzima watu walikuwa wakipanda darini na kushusha vitu vya bibi zao. Jozi aliyodhani zimebaki tatu duniani, asubuhi moja aliikuta mnadani mara arobaini. Kwa hiyo vitu havikuwa adimu. Vilikuwa vimejificha tu, kila kimoja darini mwake, na mnada uleule uliompa Verlene watu ndio uliovitoa vyote nje kwa pamoja. Bei zikaporomoka. Wakusanyaji wakazeeka, wakafa, na watoto wao nao wakavileta mnadani. Wanunuzi wapya hawakuandika chochote, isipokuwa kudai warudishiwe pesa. Mtu alimrudishia nyuki wawili wa udongo kwa madai kwamba ni wadogo, ingawa vipimo vilikuwa vimeandikwa.

Angeacha hapo. Wengi waliacha. Lakini Verlene alikuwa amenunua kwa bei za zamani, na kila boksi aliloliuza hasara lilikuwa kama linamwambia kwamba ile miaka haikuwa kitu. Akangoja. Na alipokuwa akingoja, akanunua vingine, kwa sababu sasa vilikuwa rahisi.

"Watarudi," alikuwa akisema. "Watu huchoka na plastiki."

Nyumbani kulibaki kijia kimoja, kutoka mlango wa mbele hadi jikoni, na kitawi cha kwenda chumba cha kulala. Orrin, ambaye sasa alitembea kwa kuegemea kile chuma cha miguu minne, ilimbidi akikunje, akibebe kwapani, apite ubavu kama kaa huku akishika maboksi. Mwishowe alikoma kutoka. Nilipopita kumwona alikuwa ameketi kitandani, redio magotini.

"Karibu, Nadine. Nikupe kiti? Kipo, chini ya hao tembo wa udongo."

"Wee, usianze," Verlene akasema kutoka kijiani.

"Nasema kweli, mke wangu. Humu tuna chumvi ya kulisha jeshi zima, na hatuna pa kunyooshea mguu."

"Si uliwashangilia wewe? Si wewe uliyekuwa ukipiga kelele, 'Mchape'?"

"Nilishangilia wakitoka. Sikujua wataanza kurudi."

Alisema kwa utani, na Verlene alitabasamu. Niliona dirisha la chumba kile limezibwa nusu kwa maboksi, na mchana ule taa ilikuwa inawaka.

Mwezi wa Februari, saa sita mchana, Orrin aliamua kwenda jikoni mwenyewe kutafuta kahawa. Verlene alikuwa kwenye kompyuta. Alisikia kishindo, kisha mlio mrefu wa vitu vikivunjika, kisha sauti ya Orrin, si ya maumivu, ya mshangao: "Verlene, wameniangukia."

Wazima moto wa kujitolea walifika upesi. Hapa kwetu wote tunajuana. Dewey Prater, aliyewaongoza, alisimama mlangoni na machela akatazama kijia kile, akavua kofia.

"Mama Stukey, hii haiingii."

"Igeuze wima."

"Nikiigeuza wima naye je, nimsimamishe?"

Walizunguka nyuma, wakang'oa dirisha la chumba cha kulala, wakavuta maboksi moja baada ya jingine mpaka wakamfikia, wakampitisha dirishani akiwa amefungwa blanketi. Theluji ilikuwa ikianguka juu ya uso wake. Watu tulikuwa tumejikusanya barabarani. Verlene hakuweza kutokea dirishani maana kijia kilikuwa kimeziba kwa vilivyoanguka, kwa hiyo alibaki ndani, tukimsikia akiita, "Mfunikeni kichwa! Dewey, mfunike kichwa!" hadi gari likaondoka bila yeye.

Nyonga ilikuwa imevunjika pale pale pa zamani. Baada ya hospitali alipelekwa nyumba ya wazee iliyo karibu na barabara kuu. Rhonda alikuja kutoka Columbus, akasimama kwenye kibaraza, hakuingia.

"Mama, wamesema hawamrudishi mpaka apate njia ya kupita na kitanda kinachofikika."

"Nitapanga."

"Umekuwa ukipanga tangu nina watoto wadogo."

"Vile ni vitu vya thamani, Rhonda."

"Thamani kwa nani? Nitajie mtu mmoja. Jina lake tu."

Kwa jinsi nilivyomjua Verlene, majina yalikuwepo, mengi tu. Lakini karibu wote walikuwa wamekufa.

Alitia vitu mnadani kwa bei ya chini kabisa, kurasa kwa kurasa. Wiki ikapita, hakuna aliyebonyeza. Alipakia gari, akapeleka kwenye duka la hisani la kanisa. Mama wa pale alimpokea kwa upole: "Mpenzi, tumejaa. Jana tumekataa jozi za Bibi Hruska, nazo zilikuwa bado kwenye maboksi yake ya dukani." Ikabaki dalali.

Merle Hoagland amepiga minada ya uani wilaya hii tangu baba yake alipopoteza sauti. Alikuja Jumamosi moja ya Mei, akapanga meza ndefu kwenye majani, akina mama wa kanisa wakauza mikate ya nyama ya kusaga na pai, na watu wakajaa, wengi wao kwa kutaka kujua yaliyokuwa ndani ya nyumba ile. Merle alianza na ulimi wake wa cherehani. Jembe la Orrin likaenda. Kiti cha kibarazani kikaenda. Halafu akanyanyua boksi la kwanza.

"Jozi ishirini, wachoraji wetu wenyewe, mikono ya hapa hapa Kelso Run! Nani ananipa kumi? Kumi, kumi, tano basi. Nani tano?"

Watu walitazama viatu vyao. Mtu mmoja aliuliza kama meza nayo inauzwa.

"Tano?" Merle akarudia, sauti imepungua kasi.

Mkono ukanyanyuka mbele. Ulikuwa wa Verlene.

Merle akashusha kipaza sauti. "Verlene, hivi ni vyako."

"Najua ni vyangu. Nimesema tano."

Watu wakacheka. Kisha Merle akanyanyua boksi la pili, na mkono ukanyanyuka tena, na la tatu, na hapo kicheko kikafa. Rhonda alimwendea, akamshika bega, akamnong'oneza. Verlene alitikisa kichwa bila kugeuka. Alikuwa ameketi wima, macho kwa Merle, kama mtu anayesubiri kusikia kuna mwingine nyuma yake atakayepandisha. Nilitaka kunyanyua mkono wangu. Sikunyanyua, kwa sababu niliogopa kuvipeleka kwangu. Merle, ambaye ana huruma kuliko watu wanavyodhani, aliharakisha meza zilizobaki akaziuza kwa wingi kwa mtu wa Pennsylvania aliyetaka yale maboksi yenyewe, mazuri ya kupakia ndizi, zaidi ya vilivyomo. Nusu ikaondoka. Nusu ikarudi ndani.

Lakini kijia kilikuwa kimekuwa ukumbi. Rhonda na mumewe walipiga rangi chumba cha kulala, dirisha likarudishwa, na mwezi wa Juni Orrin akaletwa. Aliteremka garini, akashika chuma chake, akaingia kwa mlango wa mbele, akatembea moja kwa moja hadi jikoni bila kugusa chochote kwa ubavu. Verlene alikuwa amempikia maharage kwa nyama ya nguruwe na mkate wa mahindi. Alikula sahani mbili.

"Pazuri," akasema. "Pazuri sana, Verlene."

"Nguo zako zimo kabatini tayari."

Orrin alifuta mdomo taratibu. "Ijumaa tuna karata kule. Tunacheza wawili kwa wawili. Mwenzangu haoni vizuri, mimi ndiye namsomea."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nikikosekana, hawezi kucheza."

Verlene alitua kijiko. "Nimevitoa kwa ajili yako."

"Najua, mke wangu. Njoo na wewe tukae kule. Kuna chumba cha watu wawili."

"Na hivi nimwachie nani?"

Orrin alitazama kuelekea sebuleni. Alikaa hadi jioni, akarudi na Rhonda.

Siku hizi huja kula kila Jumapili. Verlene hutia vitu mnadani kila juma, picha nzuri, maelezo marefu, historia ya kila jozi na jina la aliyeichora kama anamkumbuka. Kuna wakati kitu kimoja huuzwa. Nimestaafu posta, lakini hupita kwake na pai, na huniketisha jikoni kunisimulia habari za yule mama wa Oregon na za wengine, wakati mwingine kwa ucheshi mpaka tunashika mbavu. Mara ya mwisho nilimuuliza kwa nini asimfuate Orrin, hata kwa kipupwe tu.

"Mtu akinunua, nani atafunga?" akanijibu, akainuka kunimiminia kahawa.

Nilipoaga, safu moja ya maboksi ilikuwa imeanza tena kusimama ukumbini, upande wa kushoto. Alinisindikiza hadi mlangoni, yeye mbele, mimi nyuma, wote tumegeuka ubavu kidogo.