Vidonge vya Mapafu na Shingo ya Mkwe

Kabla sijaoa nilikuwa kibarua wa kupanda mahindi kwenye shamba moja kubwa nje ya Kitale. Mbegu ilikuwa inakuja imepakwa dawa nyekundu, ili wadudu wasiiguse, na mtu pia asiiguse. Nyapara alikuwa anatuambia kila asubuhi kwamba hiyo ni sumu. Lakini wakati wa kupanda ndio wakati ghala la nyumbani limeisha, na mbegu ni mahindi, bana. Watu walikuwa wanaificha ndani ya soksi na chini ya kofia, wanaenda kuiosha mtoni, wanaichemsha. Nyapara hakupekua mifuko. Alikuwa anasimama getini tukitoka kazini, anatutazama. Viganja vyetu sote vilikuwa vyekundu, si tulikuwa tunapanda? Kwa hiyo viganja hakuviangalia. Alikuwa anaangalia kifundo cha mguu na paji la uso, mahali ambapo mbegu haina kazi ya kufika. Mama mmoja alipatikana na rangi kifuani, tukacheka mpaka akalia. Mimi nilicheka zaidi ya wote, na juzi yake nilikuwa nimekula hiyo mbegu mwenyewe nikaharisha siku mbili.

Baada ya hapo nilifanya kazi kwa maghala ya mahindi, miaka mingi, nikihesabu magunia. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo sikuwa naandika. Gunia likipita, natoa punje moja kikombe hiki naweka kikombe kile. Makarani walinicheka, lakini hesabu ikigongana walikuja kuangalia vikombe vyangu.

Kikohozi kilinianza nikiwa nimeshastaafu, niko hapa Matisi, pembeni mwa Kitale, na mama watoto. Kikohozi kikavu, na pumzi fupi. Kutoka choo mpaka mlango wa jikoni lazima nisimame. Walinipima TB mara tatu, hawakuiona. Mimi nikasema wameificha. Ndipo binti yangu akanipeleka Eldoret kwa hospitali kubwa, nikaingizwa kwa mashine ya picha, na daktari mmoja mama akaniambia mapafu yangu yanafanya makovu, kama ngozi iliyoungua ikapona vibaya. Nikamuuliza ni vumbi la magunia? Akasema huenda, huenda sivyo, hajui. Daktari asiyejua, hapo nilianza kumshuku.

Halafu akaniambia kuna dawa. Haiondoi kovu lililopo wala haiponyi, inapunguza tu mwendo wa hilo kovu. Masharti yake yalikuwa marefu kuliko ya ndoa. Kidonge kimoja kila mlo, asubuhi, mchana na jioni, na tumbo likiwa na chakula. Nisivute sigara. Damu ipimwe kila mwezi waone ini linasema nini, na nikiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai au macho yamekuwa ya njano, nisingoje siku ya kliniki. Dawa ya mizizi nisinywe kimyakimya, nimwambie kwanza. Nikikosa siku nyingi, nisirudi mwenyewe pale nilipoachia, nimpigie simu. Na jua, akasema, jua sasa ni adui yako, dawa hii inafanya ngozi iungue upesi.

Hiyo ya jua niliidharau. Mimi ni mtu wa kuanika mahindi kwa turubai, nayageuza kwa miguu, nafukuza kuku. Nimezeeka juani. Siku ya nne ya kuanika, shingo na mikono ikawaka kama nimepakwa pilipili, ikawa myeusi zaidi, ikabanduka. Nikajua nimewekewa sumu. Nikaacha dawa siku mbili bila kumwambia mtu, mpaka mama watoto akanipigia daktari mwenyewe. Tangu hapo navaa shati la mikono mirefu na kofia ya mama watoto ya kwenda kanisani, ile pana, ndio nitoke nje. Majirani wamecheka wakachoka.

Vidonge binti yangu ndiye ananunua na kuleta kila mwezi. Ameolewa Bokoli, lakini kazi yake iko Eldoret. Mimi naviweka kwa kopo juu ya kabati la sebuleni, karibu na meza, nisije nikala nikasahau. Na kando ya kopo, vikombe vyangu viwili vya mahindi. Kopo jipya likifika, naweka kikombe kimoja punje sawa na idadi ya vidonge. Nikimeza kidonge, punje inahamia kikombe cha pili.

Mwezi mmoja vidonge viliisha punje bado nne. Nikasema mzee nimekosea. Mwezi uliofuata viliisha punje bado kumi na mbili, hizo ni siku nne bila dawa, na nilizisikia. Siku ya tatu nilishindwa kufunga kamba za viatu. Niliona wazi kwamba hii ikiendelea hivi, pumzi ndogo niliyobaki nayo mtu ananipunguzia.

Nikashuku duka la dawa. Nikashuku panya. Nikamshuku mama watoto, kwamba anavipeleka kwa dada yake anayekohoa kule Kipsongo, nikawa namwangalia akifagia. Binti nilimuuliza kwa simu kama anafungua kopo njiani. Akasema, "Baba, umekula?" Mpaka leo nikikumbuka hilo naona aibu.

Mtu niliyekuwa simshuku ni mkwe wangu, baba wa huyo mume wa binti. Alikuwa anakuja kutoka Bokoli kila baada ya wiki mbili hivi kunijulia hali, naye akikohoa, maana amevuta sigara tangu ujana. Kwetu mkwe wa namna hiyo akiingia, mama watoto anakimbilia jikoni, hakai naye chumba kimoja bila mimi. Na mimi lazima nimkamatie kuku kwa mkono wangu, kumtuma mtu ni dharau. Sasa kuku mmoja kwa mapafu yangu ni nusu saa. Namkimbiza hatua tatu, napumzika kwa ukuta. Muda huo wote mkwe yuko sebuleni peke yake na kabati.

Mwezi wa kwanza mwaka huu alikuja amevaa koti, kola imesimama, na jua lilikuwa la kupasua mawe. Kuku akapikwa, akaletwa. Mkwe akaangalia bakuli akalisukuma, akasema tumbo linakataa siku hizi. Joto likamzidi akavua koti. Shingo yake ilikuwa imeungua na kubanduka, kuanzia nyuma ya masikio mpaka kwa kola, na mikono vilevile. Ilikuwa kama yangu ile ya siku za turubai.

Nikamkumbuka nyapara wa getini.

"Mkwe," nikasema, "shingo imefanya nini?"

"Jua."

"Jua la Bokoli limekujua lini? Si umelima chini yake tangu uzaliwe."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nikangoja. Kumwambia mkwe ameiba ni neno halirudi mdomoni, hilo nilijua. Lakini pia niliona weupe wa macho yake haukuwa mweupe sana, au nilifikiri hivyo, mimi ni mtu wa kushuku.

"Sikuambii umechukua," nikasema. "Nakuuliza kama umemeza. Hii dawa watu wanapimwa ini kwanza. Unaimeza na tumbo tupu, unavuta juu yake, na hakuna mtu ameangalia kifua chako anajua ni nini. Twende Eldoret na mimi kliniki ijayo. Tutaenda wawili."

"Kikohozi si ni kikohozi," akasema. "Na msichana ni wa kwetu. Anachobeba kinatoka bomani kwangu. Wewe umepata dawa ya kupona, umeiweka juu ya kabati, unaniletea kuku."

"Haiponyi, mkwe."

"Basi mbona hutaki iguswe?"

Hapo ndipo nilikosea. Badala ya kumjibu, nikainuka nikaleta vile vikombe viwili, nikaviweka mbele yake kwa meza, nikamwonyesha punje zilizobaki bila kidonge.

 Akagusa moja kwa kidole.

"Ulikuwa unanihesabu," akasema.

Akavaa koti, akainua kola, akamwitia mama watoto asante kupitia mlango wa jikoni. Bakuli la kuku aliliacha vile lilivyokuwa. Nilimfuata mpaka mlangoni, nikamwambia achukue hata ile kofia yangu ya kanisani kwa ajili ya jua, lakini pumzi ilikuwa imekwisha na sijui kama alisikia. Akafunga geti polepole, kama mtu wa heshima, akafuata barabara upande usio na kivuli, na hajarudi tena.