Makofi ya Nafula

Nilimfanya mke wangu kichekesho mbele ya watu. Kosa ni langu, na sitaki mtu anitetee. Nimelia nikachoka, sasa hata machozi hayaji.

Tulikuwa tumehamia mtaa wa Satellite, pembeni mwa mji, miaka ya sabini ndiyo inaanza. Mimi nilikuwa karani mjini. Nafula, mke wangu, alitaka kuingia mafunzo ya maabara ya hospitali, na kwenye intavyu mtu alipewa ukurasa wa Kiingereza cha sayansi ausome kwa sauti. Maneno marefu ajabu! Nikamfundisha kuyakata kama kuku, kwenye viungo. Haematology: haemato ni damu, logy ni elimu. Kila silabi akaipigia kofi. Hae-ma-to-lo-gy. Akawa hashindwi na neno.

Hapo si ningenyamaza! Lakini mimi na sifa zangu, kila Jumapili wenzangu wa kazini wakija kunywa chai, namwita kutoka jikoni. "Mama, hebu wakatie moja."

Anapiga makofi, wanaume wanacheka hadi chai inamwagika. "Shemeji, ongeza lingine! Ni kama uko kwaya!" Nami nacheka kuwashinda.

"Baba Wekesa," aliniambia wageni walipoondoka, "usiniite tena."

"Aah, ni mzaha tu. Wanakusifu."

Jumapili iliyofuata nikamwita. Jamani, nilikuwa na akili gani?

Baada ya hapo sikusikia makofi tena mle nyumbani. Nikadhani ameshaiva.

Siku ya intavyu nilimsindikiza hadi mjini, nikangoja kwenye ngazi. Akatoka upesi mno.

"Umesoma?"

"Mikono ilitaka kupiga, nikaikalia. Mdomo nao ukakataa. Niliwaona wakinitazama, nikaona ni wale wageni wako."

Hakulia. Tukapitia River Road kununua sukari, tukarudi nyumbani. Hakuomba nafasi tena. Kila nikimsihi anasema tu, "Hapana, asante."

Ananipikia, ananiitikia, hanigombezi. Ole wangu! Afadhali angenitukana. Juzi miwani yangu ilivunjika, nikampa chupa ya dawa anisomee jina lake. Akairudisha mezani.

"Waite wenzako," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Nyinyi mnaowaita wake zenu sebuleni wawachekeshe wageni, acheni! Mkeo akikuambia mara ya kwanza usimwite, usimwite.