Uso wa Mama Kwenye Shuka la Baba

Kila asubuhi baba aliamka na kuuliza mama yuko wapi. Mama alishafariki, tukamzika Mwamapalala, na baba mwenyewe alitia udongo kaburini. Lakini akili yake ilikuwa imeanza kumtoka, na kitu cha kwanza kuanguka njiani kilikuwa msiba huo. Nilimchukua nikakaa naye kwangu Bariadi. Nikimwambia ukweli, analia kama vile habari ndiyo kwanza imefika. Nikimdanganya kwamba mama ameenda Ipililo kusalimia ndugu zake, anachukua fimbo na kumfuata. Majirani walishamrudisha kutoka barabara ya Maswa, miguu imejaa vumbi, kanikasirikia kwa kumfichia mkewe.

Mdogo wangu aliyeolewa Nyashimo alinishauri kwa simu nimzoeshe ukweli tu. Ushauri wa mtu anayelala usingizi wake! Nilimwambia aje amwambie yeye, asubuhi moja tu, halafu tuongee. Hakuja.

Kazi yangu naifanyia sebuleni: nachapa picha kwenye vitambaa. Printa ni hii ya kawaida ya wino, ya kuchapia karatasi. Kitambaa huja kimekatwa saizi ya karatasi, mbele pamba nyeupe, nyuma gundi iliyofunikwa na karatasi laini. Ukishachapa unabandua ile karatasi, unabandika picha kwenye mto au mkoba, kisha unapitisha cherehani pembeni ili isifumuke. Watu huniletea picha za maharusi na za watoto wa kipaimara. Malori ya pamba yanapita mji huu msimu mzima, lakini mimi nikitaka kipande cha pamba cha kuchapia, nangoja kifurushi kutoka Mwanza. Jambo hilo huniudhi mpaka leo.

Picha ya mama ilikuwa moja tu. Baba aliitoa kwenye fremu, akaitia mfuko wa koti, akawa anaisugua kwa kidole gumba hadi uso ukafutika. Bahati nilikuwa nimeipiga kwa simu kabla. Nilipomwonyesha kwenye simu alishtuka, akauliza nani amemfungia mkewe humo ndani, akataka tumtoe. Nilikimbilia jikoni nikalia.

Nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja: baba ajue kwamba mama amekufa, na akishajua abaki anajua, mama asiwe anakufa upya kila kunapokucha. Alikuwa na shuka lake la bluu, haachani nalo, pindo lake kalishika mchana kutwa. Nikawaza kwamba uso wa mama ukikaa pale kwenye pindo, ataamka nao. Labda shuka litamjibu kabla yangu. Mfa maji haachi kutapatapa.

Vitambaa vilikuwa vinakaribia kuisha. Cha kwanza nilikigeuza vibaya, wino ukachapa upande wa karatasi ya nyuma. Cha pili printa ilikitafuna, gundi ikagandia kwenye rola, nikaitukana ile mashine matusi ambayo mama angenipiga kofi. Kilibaki kimoja. Nilikinyoosha kwa kiganja, nikakiingiza huku nasali Salamu Maria. Kikatoka kizima. Mama akanitazama na kile kilemba chake, na ule mkunjo wa uso aliomkunjia mpiga picha.

Paketi ilisema wino uachwe ukauke siku nzima kabla ya kuguswa na maji. Maji yatatoka wapi? Nilikuwa nabandika kwenye shuka, siyo kwenye taulo. Nikabandua karatasi, nikabandika, nikashona pembeni, nikamtandikia baba mapajani alipokuwa anaota jua mlangoni.

Kidole chake kilisimama. Akamtazama. Akamwita kwa lile jina alilokuwa akimwita wakiwa wawili tu, ambalo sisi watoto tulikuwa tukilisikia kupitia ukutani. Kisha akaniomba maji ya kunywa, nami nikaenda kuleta kikombe.

Hakunywa. Alijaza mdomo, akainama, akampulizia mama maji usoni. Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya kwenye kaburi la baba yake, kabla ya kuzungumza naye. Hivyo ndivyo wazee wa kwetu wanavyowasalimia waliotangulia. Nikaelewa kwamba anajua. Hakuna aliyemkumbusha, na hakulia. Akamwambia kwa Kisukuma kwamba atulie huko aliko, awasalimie wote, yeye amebakiza kazi kidogo tu.

Nilifurahi. Halafu wino ukaanza kutembea. Weusi wa kilemba ukashukia macho, macho yakashukia mdomo. Nikavua khanga, nikakandamiza, uso ukahamia kwenye khanga na huko nako ukawa doa. Nilikuwa napiga kelele. Baba akanishika mkono.

"Acha, mayu," akasema, akiniita mama kama Wasukuma wanavyowaita binti zao. "Ameshasikia."

Kesho yake akaamka, akanipa salamu ya asubuhi ya Kisukuma. "Mwangaluka, mayu. Mama yenu yuko wapi?"

Nikaagiza kitambaa tena. Basi lilipokileta sikutaka haraka. Nilichapa, nikakianika ndani mbali na jua, nikakiacha hata zaidi ya paketi ilivyosema, nikapulizia dawa ya kukinga wino. Nikajaribu pembeni kwa kidole kilicholowa. Wino haukusogea. Nikambandika mama palepale juu ya doa, nikashona mara mbili. Nikamkalisha baba mlangoni, kwenye kiti kilekile, jua likiwa lilelile la asubuhi.

Alitazama muda mrefu. Akapapasa kilemba. Akatabasamu kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mgeni.

"Mwanamke mzuri huyu," akasema. "Wa kwa nani?"

Nilienda ndani, nikajaza maji kwenye kile kikombe cha siku ile, nikakiweka mikononi mwake. Nikalinyanyua pindo la shuka mpaka karibu na mdomo wake.

"Baba, msalimie."

Akanitazama, akatazama kikombe. Akanywa maji yote, akanirudishia kikombe, akanishukuru.