Gambuti Thelathini na Nne za Ruguru

Saa moja kasoro robo asubuhi, ukungu bado umeyalalia mashamba ya kahawa nje kidogo ya mji wa Runyenjes, Embu, na Ruguru Ndwiga anavua viatu mbele ya lango la wenyewe. Pikipiki ameiacha kule barabarani. Anasimama kwa mguu mmoja, mkono ukishika nguzo, soksi yake ya zambarau ikitazama mbingu.

Kwenye nguzo hiyo zimening'inizwa gambuti, buti za mpira, za kijani, nyayo juu. Ubavuni zimeandikwa kwa rangi ya mlango: RUGURU. Anazivaa, anazichovya katika karai la maji ya dawa, ndipo anapiga hodi.

"Karibu, daktari!" anaitika Wanjira, mwenye boma, akitoka jikoni na ndoo ya chakula cha nguruwe.

"Mama, mimi si daktari. Mimi niko na diploma."

"Sawa, daktari. Pita."

Ugomvi huo, anasema Ruguru, una miaka kumi na sita na hajawahi kushinda hata siku moja.

Bandani, nguruwe wanne wakisikia ndoo wanapiga kelele utadhani wanachinjwa. Wanasukumana, mmoja anaingia ndani ya hori kwa miguu yote minne. Ruguru hamgusi yeyote. Amekunja mikono, anasikiliza na kutazama, kisha anatabasamu.

"Hawa hawana neno," anasema. "Nguruwe mzima hana adabu. Ukiona ameanza kuwa na adabu, anangoja wenzake wale kwanza, amelala pembeni kama mgeni, hapo nipigie simu. Usingoje kesho."

Ruguru ana miaka arobaini na mitatu. Ni mtaalamu wa afya ya mifugo, na kati ya Runyenjes na Manyatta hakuna mfugaji wa nguruwe asiyemjua. Kwa ziara moja hutoza shilingi mia tano. Siku njema hufika boma sita, siku mbaya hufika moja na mapato yote yakaishia kwenye petroli.

Lakini linalomtambulisha zaidi ni gambuti zake. Zipo jozi thelathini na tatu, kwenye malango thelathini na matatu, na hakuna jozi iliyowahi kutoka boma moja kwenda lingine. Mfugaji akitaka kuhudumiwa na Ruguru, ananunua gambuti namba sita, anaziandika jina na kuzitundika langoni.

"Mwanzoni watu walisema naringa," anakumbuka. "Wengine walisema nimerogwa, ati nimekatazwa kuvaa viatu vyangu kwa boma ya mtu."

Hakurogwa, wala haringi. Alikosea, na kosa hilo analisimulia mwenyewe kabla hujamwuliza.

Ni miaka sita sasa. Asubuhi moja aliitwa kwa mfugaji mmoja ambaye nguruwe wake alikuwa hali chakula, amejikunyata, masikio yamegeuka rangi ya zambarau. Mwenyewe alimwambia ni baridi tu. Hakumwambia kwamba wengine wawili walikwisha kufa wiki hiyo na nyama yao kuuzwa. Ruguru alimdunga mgonjwa sindano, akasuuza gambuti zake kwa maji ya mto, na mchana akapanda Manyatta kuhasi watoto wa nguruwe wa mzee Gichovi, mstaafu wa kiwanda cha majani chai.

Siku ya tisa, nguruwe wa Gichovi walianza kufa. Hadi Jumapili wote kumi na mmoja walikuwa wamekwisha.

Ilikuwa homa ya nguruwe ya Afrika. Ni ugonjwa wa virusi usio na tiba, na wafugaji wa huku hawana chanjo ya kuutegemea. Haumdhuru binadamu, lakini nguruwe haumbakizi. Na virusi vyake ni vigumu kufa. Hukaa kwenye nyama, kwenye damu, kwenye tairi la pikapu, na kwenye tope lililokwama chini ya kiatu.

Kijijini watu walilaumu chakula cha dukani. Wengine walimtaja jirani mwenye kijicho. Hakuna aliyemfikiria Ruguru, naye angeweza kunyamaza na maisha yakaendelea.

"Sikulala siku mbili," anasema. "Nikajiambia, Ruguru, huyo mzee atalaumu jirani yake mpaka kaburini, na ni wewe. Nikaenda nikamwambia ni mimi, ni gambuti zangu."

Mzee Gichovi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akamsindikiza mpaka langoni, akalifunga nyuma yake.

"Aliniambia kupitia kwa mbao: 'Msichana wa Ndwiga, usikanyage hapa tena.' Sikumlaumu. Mimi pia ningefunga."

Kwa miaka minne banda la Gichovi lilikuwa ghala la kuni. Huko nje Ruguru alianza desturi yake ya gambuti, lango kwa lango. Lango moja tu ndilo alilokuwa akilipita bila kuligeukia, kwa aibu.

Mwaka juzi Gichovi alisikika amenunua nguruwe jike wawili. Hakuwa akifuga ili ajikimu uzeeni. Alikuwa akifuga kwa ajili ya harusi.

Hapo inabidi kueleza. Gichovi na mkewe Wawira wameishi pamoja miaka thelathini na minane. Mahari ilitolewa zamani, mbuzi wakaliwa, watoto watano wakazaliwa na kusomeshwa. Lakini kanisani hawakuwahi kusimama. Kila mwaka kulikuwa na jambo: karo, paa, ugonjwa. Awali walikuwa wagharamie harusi kwa wale kumi na mmoja waliokufa.

"Nilikuwa nimeshachagua kitambaa," anasema Wawira, mwenye miaka sitini, akicheka na kujifuta macho kwa mpigo mmoja. "Nikakirudisha kwa sanduku. Nikasema basi, nitavishwa pete mbinguni."

Mwaka huu wakapanga upya. Tarehe ikatangazwa kanisani, ya mwezi wa Agosti. Nguruwe walikuwa wamefika kumi na wawili.

Halafu Jumanne moja ya mwezi wa tano, jike mkubwa, yule Wawira anayemwita Mama Kwaya kwa ajili ya makelele yake, hakuja kwenye hori. Alilala tu. Ukimwamsha alisimama, akatembea hatua mbili kama mtu mwenye kiatu kinachobana, akalala tena. Ngozi ilikuwa na mabaka mekundu. Kufikia saa nne wengine wawili walikuwa hivyo hivyo.

Habari haina miguu lakini ilifika sokoni. Saa tano pikapu ya dalali ilikuwa langoni.

"Aliniambia, mzee, uza kabla hazijakufa," anasimulia Gichovi. "Akanitajia bei ya kuku. Na mimi nilikuwa nimeshafungua mlango wa banda, sitakudanganya. Nilijua ni ile ile. Nikasema heri kuku kuliko shimo."

Aliyemzuia ni Wawira. Alisimama mbele ya pikapu na kanga yake kiunoni.

"Nikamwambia mzee wangu, Baba Lennox, kama ni ule ugonjwa, hii pikapu itaupeleka kwa watu wengine, na sisi tutakuwa tumewafanyia vile tulifanyiwa. Ita Ruguru."

Dalali akawasha injini, akazima, akawasha. Mwishowe mzee akatoa simu. Namba ya Ruguru hakuwa ameifuta miaka yote hiyo, na kwa nini, hata leo hasemi.

Ruguru anasema pikipiki yake haikusimama popote kutoka Runyenjes mpaka Manyatta. Alipofika, langoni hapakuwa na gambuti. Zingetoka wapi? Basi akaomba magunia mawili ya mbolea na kamba ya katani, akajifunga miguu mpaka magotini, akavaa glavu, akaingia akichakarisha kama mzigo unaojibeba wenyewe.

"Nilikuwa nalia tangu asubuhi," anasema Wawira. "Lakini nilipoona yale magunia, nilicheka hata nikashika ukuta."

Mzee hakucheka. Alisimama mlangoni mwa banda, kofia mkononi, akitazama mikono ya Ruguru na nguruwe wake kwa zamu.

Kipimajoto kilionyesha nyuzi arobaini na moja na nusu. Hiyo ilikuwa habari mbaya, kwa sababu homa ya Afrika nayo hupanda hivyo. Ruguru akatazama masikio. Hayakuwa ya zambarau. Akatazama chini ya mkia na sakafuni. Hapakuwa na damu. Akakagua pua na kwato, asione malengelenge wala kidonda. Akasikiliza pumzi, hakuna kikohozi. Akauliza waliokufa ni wangapi. Hakuna.

Kisha akafumba macho, akapitisha kiganja mgongoni mwa Mama Kwaya, taratibu, kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Yale mabaka yalikuwa yameinuka," anaeleza. "Unayasikia kwa mkono. Na yana pembe nne, kama almasi ya kwenye karata. Ile homa ya virusi inapaka ngozi rangi tu, damu imevuja chini. Haichori namna hii. Huu nilijua ni erisipela, ni bakteria, na bakteria inasikia penisilini."

Alijua, lakini hakusema. Miaka sita iliyopita alijua pia kwamba ni baridi.

Alichosema ni hiki: "Mzee, nafikiri si ile. Lakini macho yangu si maabara." Akawadunga wagonjwa penisilini, akatoa damu, akampigia Daktari Kiogora, daktari wa mifugo wa serikali anayesimamia eneo hilo. Daktari akaagiza boma lifungwe mpaka majibu yatoke: hakuna kuuza, hakuna kuchinja, hakuna kuazima dume la jirani. Dalali akaondoka na pikapu tupu. Magunia yakachomwa hapo hapo langoni.

"Watu wengi wanataka nimalize kwa kuangalia," anasema Daktari Kiogora, mwenyeji wa Ruiri kule Meru. "Lakini haya magonjwa yanafanana siku ya kwanza. Hata mimi dalili zinaniambia nishuku nini, halafu maabara ndiyo inaamua. Huyu mama anajua mahali macho yake yanaishia. Hiyo ni elimu kubwa."

Siku ya pili, kabla jua halijachomoza vizuri, simu ya Ruguru ililia. Alikuwa Wawira, lakini hakuna lililosikika isipokuwa kelele. Mama Kwaya alikuwa ndani ya hori kwa miguu yote minne, anatukana dunia nzima.

"Unasikia?" Wawira alikuwa akipiga mayowe. "Unasikia vile hana adabu?"

Ruguru alikaa chini kwenye ngazi ya nyumba yake akacheka peke yake. Majibu ya maabara yalitoka siku ya sita: hakuna virusi. Boma likafunguliwa. Hakufa hata mmoja.

Kwa hiyo harusi ipo. Ni Jumamosi ya wiki ijayo, na Ruguru amepewa kazi katika kamati, kazi ambayo hajawahi kuiona kwenye kadi ya harusi yoyote. Huku mlimani, sherehe ikiisha, wafugaji huja na ndoo kubeba makombo ya kulisha nguruwe. Katika makombo hayo huwemo mifupa na nyama ya nguruwe, na ndipo virusi hupata safari ya bure kutoka boma hadi boma. Ruguru ndiye mlinzi wa sufuria. Maganda ya ndizi na mukimo wa viazi uliobaki kwenye vyungu watapewa. Kilichogusana na nyama kitazikwa.

"Nimeshona nguo nzuri, halafu nitasimama kwa shimo," analalamika, ila uso wake hauungi mkono malalamiko hayo.

Baada ya harusi ana safari. Septemba anakwenda Ruiri kwa mwaliko wa Daktari Kiogora, kuwafundisha wafugaji arobaini kumtambua nguruwe mgonjwa na kutundika gambuti langoni. Ndoto yake ni kwamba siku moja, kote Embu na Meru, hutakuta banda la nguruwe bila jozi ya mgeni hapo nje. "Sitaki wakose kama mimi ndio wajifunze," anasema. "Mimi nilikosa kwa niaba yao. Imetosha."

Ni saa tano sasa, na kabla ya kurudi mjini anapanda Manyatta kuwatazama nguruwe wa harusi kwa mara ya mwisho. Anaegesha pikipiki mbali, kama kawaida, na magunia mawili yako kwapani.

Lakini kwenye nguzo ya Gichovi kuna kitu. Ni gambuti mpya, namba sita, nyeupe pepepe, kama zinazovaliwa na wenye bucha. Ubavuni mkono wa mzee umeandika kwa herufi kubwa zisizonyooka: RUGURU. Hiyo ni jozi ya thelathini na nne.

Ruguru anasimama. Magunia yanamponyoka. Mzee Gichovi yuko ndani ya lango, kofia kichwani, anajifanya anatazama ndizi zake.

"Mzee," Ruguru anasema, "nyeupe tena? Si zitachafuka leo leo? Ama ni za harusi?"

"Harusi gani," anajibu Gichovi. "Nimenunua nyeupe ndio nikuwe naona kama umeosha."

Kisha anacheka, cheko la mtu aliyelingoja miaka sita, na anafungua lango kwa mikono miwili.

"Kanyaga," anamwambia. "Kanyaga, msichana wa Ndwiga. Chai inapoa."