Mbu wa Ruashi, Jina la Kilwa

Mwanangu, wewe unayeanza kazi ya kutega mbu, kuna siku moja naikumbuka kuliko zote, na nikiisema hata leo masikio yanapata moto.

Nilikuwa kijana, mwepesi wa kuitikia. Maabara yetu hapa Lubumbashi ilinituma Kilwa, kwenye Ziwa Mweru, nitege mbu katika mazizi ya mbuzi. Mvua ilikuwa nyingi. Lori lilizama kwenye tope siku mbili, nami nikageuza. Nikaenda Ruashi, hapa hapa Lubumbashi, kwa tantine Mbuyi, dada ya baba yangu, nikatundika mitego kwenye zizi lake, nikala bukari, ugali wetu, na samaki, na juu ya vichupa nikaandika: Kilwa. Mbu ni mbu, nilijiambia. Ujinga mtupu.

Wiki zikapita, mkuu wetu, muzee Kabamba, akatuita. Ndani ya mbu wangu walikuta virusi ambavyo hakuna aliyewahi kuviona, vya jamii inayoweza kuhama kutoka kwa mbu kwenda kwa mbuzi, na pengine kwa mtu. Wenzangu walishangilia ugunduzi. Gari likaanza kupakiwa kwenda Kilwa kupima mifugo na watu. Mimi sikushangilia, maana wajukuu watatu wa tantine walicheza mle mle walimolala mbuzi, na hakuna aliyekuwa akienda kwao.

Ningenyamaza, kazi yangu ingepona. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo kisingekuwa changu. Nikamfuata muzee hadi kwenye gari, nikamwambia yote. Hakufoka.

"Mutoto wangu," akasema, "kushindwa njia haiko kosa. Kama ungeandika Ruashi, zamani tungeshafika kwa bale batoto."

Tukaenda siku ile ile. Tukapima damu ya mbuzi, ya watoto, na ya tantine mwenyewe, aliyelalamika kwamba mbuzi wamechomwa sindano ndogo kuliko yake. Tukangoja majibu. Yalipokuja, virusi vilikuwa kwa mbu tu. Hatukuvikuta kwa mnyama wala kwa mtu. Niliketi sakafuni nikalia kwa furaha, bila haya, mbele ya watu. Tantine alicheka, akaniambia, "Siku ingine njia ikikushinda, kuja ule tu. Mitego uache kule."

Baadaye muzee alinituma Kilwa tena. Nilifika, sehemu kubwa kwa miguu.

Basi sikia, mwanangu. Njia ya mwongo ni fupi, nami nilidhani nimepata ya mkato. Jina la mahali unaloandika kwenye kichupa ndilo mlango ambao msaada utaubisha. Ukiandika uongo, watabisha kwa jirani huku mtoto wako anaungua homa. Kosa likikupata, liseme kabla gari halijaondoka.

Mungu akupe miguu ya kufika unakotumwa, na ukishindwa kufika, akupe na ulimi wa kusema ulipoishia.